Miguu ya Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wetu hapa Temeke alimchukia mbwa wa dada yangu kabla hajamwona. Kwake mbwa ni najisi, na korido tunayochangia wapangaji wote ndiyo njia yake ya kwenda kutawadha. Alitoa hukumu mlangoni kwetu: "Akinigusa mara moja tu, mnahama. Wewe, dada yako na huyo shetani wenu."

Dada yangu haoni. Anasuka viti Keko, na miaka yote alikuwaga anakwenda kashika bega langu. Alilichoka hilo bega. Mie nililichoka zaidi, maana kutoka nje kwangu ni adhabu. Mfunzaji wa mbwa wa kuongoza wasioona kule Pugu alipouliza nani atamzoesha mbwa wa dada nyumbani, nilinyoosha mkono kama mwanafunzi: mtu asiyebanduka ndani hatimaye kapata kazi. Tukafanya mazoezi koridoni, kati ya majiko na mabeseni ya watu. Njia ikiziba, simama. Ikifunguka, pita.

"Na kulala mpaka saa nne umeshamfundisha?" dada alinichoma.

Siku ya kwanza ya dada na mbwa kutoka bila bega langu, mchana, tulimkuta mama mwenye nyumba kaketi koridoni, miguu kainyoosha ukuta hadi ukuta. Hakuwahi kukaa pale. Mbwa akasimama.

"Kuna nini?" dada akauliza.

"Miguu," nikajibu kutoka mlangoni.

"Ya nani?"

Mama mwenye nyumba akaguna. Dada akamtambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitema. "Rudini ndani."

"Tutasubiri tu."

"Mtaota mizizi."

"Mie nasuka viti, mama. Subira ndiyo kazi yangu."

Wapangaji wakachungulia. Mie nikaanza kuviona vitanda vyetu barabarani, godoro langu juu kabisa, watu wakilicheka. Mbwa hakunusa hata kidole.

Ndipo adhana ya adhuhuri ikalia. Mama mwenye nyumba akaitazama miguu yake, akamtazama mbwa, akasonya, akaikunja. Njia ikafunguka. Mbwa akapita kaambaa ukuta wa pili, pindo la kanga hakuligusa, dada nyuma yake.

"Ahsante, mama."

"Sijakupisha wewe. Nimeitwa na Mungu!"

Dada akaishia getini bila kugeuka. Mama mwenye nyumba akamwaga ndoo nzima ya maji pale mbwa aliposimama, akanirushia tambaa.

"Deki. Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo."

Nikapiga magoti. Bega lilikuwa halina kazi nyingine.