Tumpe na mjane aliyeombewa jumuiyani

Umeme unakatika saa nne asubuhi, na mashine ya kukoboa mpunga iliyo karibu na stendi ya Rujewa inanyamaza. Wabeba magunia wanajinyoosha juu ya pumba. Tumpe Mwaisaka anaweka ungo chini, anajifuta vumbi kwa ncha ya kanga na kutoa kitabu mkobani.

“Mama Asukile, si utusimulie tu?” anaomba Goodness, mwenzake wa kupepeta.

“Nikisimulia, nani atasoma?” anajibu Tumpe, na wote wanacheka.

Hiki ni kitabu chake cha pili tangu azaliwe. Cha kwanza kiko Ipogolo, Iringa, kwa rafiki yake Tekla Kalinga. Tumpe hachoki kukizungumzia.

Ana miaka 54. Huchambua mchele wa wafanyabiashara na kulipwa kwa gunia. Mvua ikizidi na mpunga usipokauka, hapati kitu. Aliacha shule darasa la pili, mama yake alipofariki, ili alee wadogo zake. Miaka miwili iliyopita alijiunga na darasa la jioni la parokiani.

“Nilianza na Sala ya Bwana kwa sababu naijua kwa moyo,” anasema. “Nafuata kwa kidole, naona kila neno lipo mahali pake. Nikamshukuru Mungu.”

Alipoweza kusoma vizuri, Mwalimu Sosthenes alimpa riwaya. Inamhusu Salome, mjane ambaye shemeji yake anang’oa mipaka ya shamba lake hata kabla ya arobaini ya marehemu.

“Nilifika hapo nikalia. Nikasema, huyu mama hana mtu.”

Alhamisi moja jioni jumuiya yao ndogo ya Kikristo ilisali nyumbani kwake. Ulipofika wakati wa kutoa nia za maombi, Tumpe aliomba kwa sauti: “Tumwombee Salome, mjane anayenyang’anywa shamba na shemeji yake. Ee Bwana!”

“Twakuomba utusikie,” waliitikia wote.

Katika jumuiya ile, anayeombewa lazima akatembelewe. Baada ya sala, mwenyekiti wao, Mzee Saulo, aliuliza Salome anaishi wapi. Tekla, wakati huo bado akiishi Rujewa, alikuwa ameshaanza kuchangisha mchele wa kumpelekea. “Yuko Ubaruku au Igawa?” alidakia.

“Nikawaambia, yuko kitabuni,” anasimulia Tumpe. “Mzee Saulo alicheka mpaka akashika ukuta.”

Tekla hakucheka. Yeye na Tumpe walianza darasa la jioni pamoja, lakini aliacha mapema, baada ya wenzake kumcheka aliposoma kwa kukwama. Jioni ile alibaki kuosha vikombe.

“Akaniuliza, ‘Ikawaje?’ Nikamwambia, ‘Mama Faustina, sikwambii. Soma.’ Akanuna. ‘Tumezikiana wazazi, leo unaninyima hadithi?’”

Kukataa kulimuuma Tumpe. Tekla alikuwa anahamia Ipogolo kumlea mjukuu, na huko hakuwa na darasa wala mtu wa kumhimiza.

“Nikimsimulia mwisho, ndiyo basi. Hatagusa herufi tena.”

Kwa ruhusa ya mwalimu, alimpa kitabu siku ya safari, pale stendi.

“Nitakisoma na nani huko?” Tekla alilalamika.

“Na Mungu, na miwani yako.”

Miezi ikapita. Walipopigiana simu walizungumza habari za mjukuu na baridi ya Iringa. Tumpe alijizuia kuuliza habari za kitabu, asije akamwaibisha.

“Nikawa namwombea kwa jina lake,” anasema, akitabasamu. “Safari hii mtu mwenyewe yupo kweli.”

Wiki iliyopita simu iliita akiwa kazini. Tekla hakutoa hata salamu.

“‘Mama Asukile, huyo Salome wako mjinga! Baraza limemrudishia shamba, halafu anamkatia shemeji ekari? Mimi ningempa jembe akalime barabarani!’ Nikamwambia, ‘Dada, amemsamehe.’ Akasema, ‘Kusamehe sawa. Ekari ya nini?’ Tukabishana mpaka salio likaisha.”

Tumpe anasimulia huku macho yanang’aa. Ekari ile imo kwenye kurasa za mwisho kabisa, na yeye hakuwahi kuitaja kwa mtu.

“Faustina, binti yake, kaniambia hajakigusa kitabu. Kwa hiyo kasoma mwenyewe mpaka huko, na kafika na hasira zake. Namshukuru Mungu, na kusema kweli najivuna. Lakini sikubaliani naye!”

Mavuno yakiisha, Tumpe anapanga kupanda basi kwenda Ipogolo na kitabu hiki cha pili. Ila hatamkabidhi Tekla kabla ule ubishi haujaisha.

“Nikifika, chakula kisubiri kwanza. Afungue ukurasa ule wa ekari, asome kwa sauti mbele yangu, akikwama nitamngoja. Halafu anionyeshe kwa kidole, huo ujinga wa Salome uko mstari gani.”