Usafi wa Jumamosi

Viwanda vya serikali vilipouzwa, mimi na mwenzangu, fundi umeme Singasinga, tulinunua mashine kuukuu ya kuchongea chuma, tukaiweka katika karakana yetu ya Ngarenaro. Tuliondoa mikono ya kuzungushia, tukafunga mota za servo zinazoongozwa na kompyuta. Namshukuru Mungu, ilitulisha. Ila kila Jumatatu meza yake, ikitakiwa kwenda kushoto au kulia, ilitikisika kidogo ikasimama, na kompyuta ikaandika kwamba haijui meza iko wapi. Kufikia Jumatano ilikuwa imepona yenyewe.

Mama mmoja wa mteremkoni Meru alituletea gia iliyovunjika meno, ya mashine ya kikundi chao ya kumenyea kahawa. Tulikuwa na vipande viwili tu vya chuma vyenye unene wa kutosha. Jumatatu aliyokuja kuichukua, meza ilisimama kwenye jino la tatu, na kipande cha kwanza kikaharibika.

"Shikamoo, baba," mama alisema mlangoni. "Kahawa imeshakuwa nyekundu. Tuchume, au iozee mtini?"

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nikamgeukia mwenzangu mbele yake. "Nyaya zako hizi! Ulizifunga kwa haraka."

 Alizibadilishia mota mbili nyaya na vidhibiti, vya hii akaipa ile, akawasha. Ugonjwa ukabaki kwenye mota ileile; nyaya hazikuwa na kosa. Akakaa juu ya ndoo.

"Mzee wa Kanisa, Jumamosi nikiondoka, wewe hufanya nini?"

"Nasafisha. Jumapili isiikute kazi yetu na uchafu."

"Kwa brashi?"

"Kwa upepo wa kompresa. Pembe zote."

"Mpaka nyuma ya mota?"

"Huko ndiko uchafu unakojificha."

"Haukujificha, Mzee. Umeufukuza, ukaingia ndani!"

Alifungua kifuniko cha nyuma ya mota. Mle mna kisahani cha kioo chenye mistari myembamba. Kompyuta huisoma ili ijue mota imezunguka kiasi gani. Kilikuwa kimefunikwa na vumbi jeusi la chuma. Mashine ikifanya kazi siku mbili, mtikisiko huliangusha. Mimi nililirudisha kila Jumamosi, tena nikiimba.

Alikifuta kwa pamba na spiriti, akaziba kifuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilimwomba radhi palepale, mama akisikia, kwa kuwa ndiye aliyesikia lawama.

"Yameisha," alisema. "Lete chuma."

Tulikifunga kipande cha pili. Mama aliketi akaangalia. Jino la tatu likapita, la nne, hata la mwisho. Akaiviringisha gia katika kanga ikiwa bado na joto.

"Kesho tunachuma," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilikuta bomba la kompresa limefungiwa kabatini, na mwenzangu ameondoka na ufunguo. Nikachukua brashi.