Bakwe Banakataa Mashini za Telegramu za Mutoto Yangu

(Musomaji wetu mumoja wa Lubumbashi ametuandikia. Majina ya ndani tumebadilisha, na yake hatuitaje.)

Salamu kwenu, ba citoyens na ba citoyennes wote wa huu ukurasa. Mama mukwe wangu anabasalimia. Macho yake haione tena, lakini alisikia niko naandika, akasema asisahauliwe. Ngoie, mutoto yangu mwanamuke, anabasalimia, na mapasa yake bawili, mumoja iko na kikohozi. Ilunga, mutoto yangu mukubwa, angebasalimia pia, ila hajue kama naandika. Miye mwenyewe niko, namushukuru Mungu, lakini nimechoka.

Niko mujane, nimepita miaka makumi tano. Masomo sikufika mbali, munisamehe mukono ya kuandika. Ilunga ni électricien, fundi wa umeme ku atelier ya mine. Kila mutu iko na ulevi wake. Wake si pombe. Anakusanya mashini za zamani za kupigia telegramu, zile za mukono: kipande ya mbao, na juu mukuba ya manjano, ile shaba, unafinya inalia ta-ta, taa. Ku magare ya treni banaleta telefone, za zamani banatupa mu dépôt. Yeye anafuata bazee bale balikuwa banazipiga, anabaomba. Salon yetu imejaa. Siku ya Mungu anazipakala mafuta moja moja, anaziongelea kama mutu na kuku zake.

Sasa akapata mwanamuke, Mwadi. Mutoto wa heshima, namupenda kama niliyemuzala. Familia yake ikakuja kuangalia nyumba mbele ya kupokea mali ya ndoa. Nikapika kuku, sombe, bukari. Tantine yake, dada ya baba, njo mukubwa wa ile mambo kwao, akikatala, imekatala. Akaangalia meza, akauliza, "Mama, hii ni nini? Muko nauzisha bichuma?" Batu bakacheka. Maneno ilikuwa inaenda muzuri.

Miye nikataka kumusifu mutoto. Nikasema, "Tantine, hii ya hapa inatoka gare ya kule Kamina. Bwana yangu alikufia kule, mu kazi ya reli. Hii mashini njo ilipiga telegramu ya kifo yake. Ilunga aliitafuta sana mpaka akaipata."

Tantine akaweka kikombe chini. Munajua wenyewe hapa kwetu: mutu wa posta akisimama ku mulango na karatasi, mbele afungue kinywa, mama anaisha kutupa kitambaa ya kichwa na kulia. Hakuna mwenye alituma telegramu ya kusema tumekula muzuri. Tantine akaniuliza pole pole, "Kwa hiyo hizi zote, zilipiga bifo ngapi?"

Ilunga akasema, "Tantine, zilipiga na bei ya mukuba, na mizigo, na treni zenye zilichelewa."

"Mwana, bei ya mukuba haitalala na mutoto yangu mu nyumba."

Bakaamuka, bakatoka. Kuku yangu ikabakia mu sahani. Kisha jibu ikakuja: mashini zitoke zote, ao Mwadi haolewe kwetu.

Mwadi akanifuata ku soko, macho mekundu. "Mama, miye siogope ile bintu. Ilunga alinifundisha hata kupiga jina yangu. Lakini tantine njo alinilea. Nikimuruka, nani atanipokea siku nikizala?"

Nikamuomba Ilunga atoe ile moja ya Kamina tu, tubembeleze bakwe. Hakukasirika. Afazali angekasirika. Akasema, "Mama, papa balimuzika kule, hatukumuona. Jina yake mara ya mwisho ilipita hapa." Kisha akaongeza neno yenye inaninyima usingizi: "Lakini weye njo ulipokea ile telegramu. Ukisema zitoke, nitazitoa, na sitakuuliza sababu."

Basi imeniangukia miye. Na kweli nabaambia ninyi tu: ile mashini siipende. Kila akiifinya, natoka inje mpaka amalize. Nikisema zitoke, atawaza nimefanya juu ya Mwadi, kumbe labda ni juu yangu mwenyewe, na ninatumia Mwadi kumunyanganya Ilunga baba yake. Nikisema zibakie, mutoto wa batu analia na miye namuona.

Bamama wenzangu, na ninyi mulioozesha batoto mbele yangu, munishauri, nifanye nini? Mujibu mbio. Bakwe banarudia siku ya Mungu yenye kuja, na Ilunga anangojea kinywa yangu.