Mstari wa Njano Ukutani kwa Mama Kulwa

Kama unataka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, na kaka yangu Mayunga yupo hai, anaweza kuulizwa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunachimba dhahabu porini, upande wa Geita. Duara letu, yaani shimo la kushukia, lilikuwa moja, lakini makundi mawili yalichimba humo kwa zamu. Kule chini njia zilikuwa zimegawanyika kama mizizi. Ungejuaje mwenzako jana alichimba wapi? Wengi wetu kuandika kulitupa shida, kwa hiyo tulichora. Kila kundi likitoka lilikwenda kwenye ukuta wa ndani wa nyumba ya Mama Kulwa, aliyetupikia, na kuongeza pale lilipofika. Sisi tulichora kwa mkaa, wenzetu kwa udongo mwekundu. Sheria ilikuwa moja: hakuna kufuta. Njia ikiporomoka unaiwekea msalaba, lakini inabaki. Na kabla ya kuunganisha njia mbili, wakuu wa makundi walisimama pale ukutani mpaka wakubaliane.

Halafu Mama Kulwa akapata habari kwamba wanaomletea binti yake mahari wanakuja. Mama gani angewapokea wakwe mbele ya ukuta uliochafuka mkaa? Akaukandika udongo mpya, akaulainisha vizuri kabisa.

"Mtachora tena wanangu," alisema. "Si vichwa mnavyo?"

Tukachora tena kwa kukumbuka. Kila mtu alikumbuka ya kwake.

Mchana mmoja wa mvua kubwa kundi letu lilipanda kula. Mayunga akabaki chini kumalizia kipande chake. Tukasikia ardhi ikiguna. Vumbi likafoka kwenye mdomo wa duara, katikati ya mvua ile.

Mayunga na mimi ni tumbo moja. Nililala kifudifudi kwenye tope nikamwita. Hakuitika. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Tungechimba wapi? Luhende, mkuu wetu, alisema njia ya Mayunga inapinda kulia. Ndalahwa, mkuu wa wenzetu, akasema ni kushoto.

"Niliichora mwenyewe!" Luhende akang'aka.

"Uliichora umelewa. Hicho si kichwa, ni kibuyu cha pombe!"

"Afadhali changu kina pombe. Chako kitupu!"

Niamini, walikuwa wanatukanana hivyo huku hewa ya kaka yangu inakwisha. Tukikosea upande, nafasi ya kujaribu upande wa pili haikuwepo. Hilo kila mtu alilijua, ndiyo maana walipiga kelele.

"Wewe, kimbia kauangalie ukuta!" Luhende akaniambia.

Ndani kwa Mama Kulwa nilimkuta mtu amechuchumaa mbele ya ukuta, amenipa mgongo. Nikadhani ni wa kundi la pili. Sisi wote tulikuwa tumelowa chapachapa, lakini mgongo wake ulikuwa na vumbi kavu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mdogo wake Mayunga."

Hakugeuka. Alikuwa anabandua udongo mpya kwa kucha, taratibu, na chini yake mstari ukawa unajitokeza. Haukuwa wa mkaa wala mwekundu. Ulikuwa wa njano.

"Huu ni wetu," alisema. "Tulipita hapa kabla yenu. Kaka yako yuko hapa." Akaweka kidole. "Chimbeni kufuata huu. Sisi tutakuja kwa upande wetu."

Ninyi akina nani? Sikuuliza. Mimi si mtu wa maneno. Nilitoka mbio, na pale shimoni nikapaza sauti nikasimulia.

"Leo bubu kasema," mmoja akanikejeli. Lakini walikuja.

Nyumba ilikuwa tupu. Mstari ulikuwepo. Ulipita chini, katikati ya kulia kwa Luhende na kushoto kwa Ndalahwa. Mama Kulwa, aliyekuja nyuma yetu, aliuona akakaa chini.

"Mayo wee! Rangi hiyo ni ya watu wa kwanza wa duara hili. Walifukiwa binti yangu hajazaliwa. Hawakutolewa."

Hakuna aliyebisha tena. Tuliufuata mstari ule, makundi yote mawili, tukipokezana. Mikono ilichubuka na magogo yalilia juu yetu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwambiaje mama, ndipo tukasikia mtu anagonga kutoka upande wa pili. Ko. Ko. Tukashangilia: "Ni Mayunga!" Sauti zile zikatusogelea, sisi nasi tukazisogelea, mpaka udongo ukatoboka na hewa baridi ikatupiga usoni.

Nikamulika tochi. Mayunga alikuwa amelala mbali na tundu lile, mguu umebanwa na gogo. Hakuwa na zana yoyote. Na udongo wa upande wake ulikuwa umechimbwa sasa hivi, bado mbichi.

"Wenzenu wamekwenda wapi?" akatuuliza.

"Wenzetu gani?"

"Si hawa waliokuwa wanachimba hapa. Mmoja alinikanyaga mkono gizani, akaniambia pole."

Tulimtoa tukakimbia bila kutazama nyuma. Mguu walimkata hospitali. Duara lile tuliliacha siku hiyohiyo, makundi yote mawili.

Wewe unayefanya kazi moja na watu wengi, ukikuta alama usiyoijua usiifute ili pawe safi. Uliza aliyeiweka. Asipojibu, mwachie nafasi yake. Si kila aliyenyamaza ameacha kazi.

Mayunga sasa anashona viatu Kharumwa. Ukifika hapo ukamsalimu, atakupa mkono wa kushoto. Usidhani ni dharau. Ule wa kulia, uliokanyagwa, haujapata joto tangu siku ile, hata juani, hata karibu na moto. Niliushika mara moja tu, na naye alinionea huruma akauvuta. Pokea wa kushoto, mshukuru, uende zako.