Kikuza Sauti cha Bibi

Juzi nilipita kwa fundi simu pale Korogwe, nikasikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Rafiki yangu, nilishindwa kuondoka. Akilini nilikuwa nimerudi utotoni, Kwamndolwa, makande yanatokota jikoni, baba kainamia meza yake.

Baba alikuwa mwalimu. Vifaa vya umeme alivipenda tu. Bibi, mama yake mzazi, alipoletwa kutoka Handeni masikio yakiwa yamekwisha, baba alimuundia kikuza sauti: kiboksi cha bati chenye waya wa kuvaa sikioni. Siku ya kwanza nilimwinamia, "Shikamoo, bibi." Akashtuka, kisha akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Marahaba, mjukuu wangu! Kumbe una sauti ya marehemu dada yangu!" Tangu hapo, tukichambua maharage, nilimsimulia kila kitu.

Kisha transista, kile kidude cha ndani kinachokuza sauti, ikaungua. Baba aliitafuta mpaka Tanga mjini, akarudi mikono mitupu. "Hazitengenezwi tena," alimwambia mama. Lakini alikuwa na msemo wake: kifaa kisichopatikana kina ndugu yake, kazi ni kumtafuta. Akafungua redio mbovu za majirani, akajaribu transista za aina nyingine, akigeuza vimiguu vyake vya waya, akibadilisha rezista za kupunguza umeme. Moja ilikoroma. Nyingine ilipiga mluzi mpaka bibi akavua waya kwa maumivu. Mwishowe akafungua redio yake mwenyewe, aliyoiunda akiwa chuoni.

"Baba, redio yako?" niliuliza.

"Redio itanisubiri. Mama hatanisubiri."

Transista ya redio ile ilikubali. Bibi akasikia mvua za masika zote kwenye bati letu. Kisha nayo ikafa, na ndugu mwingine hakupatikana.

Bibi hakulalamika. Akitaka niongee, aliweka kiganja kooni mwangu, akafumba macho na kuitikia kwa kichwa. Asubuhi moja, nikiwa katikati ya kisa cha mbuzi wa jirani, kiganja kikalegea. Nikadhani kasinzia. Nikamalizia kisa.

Tulimzika Handeni, na baba hakuunda kitu tena. Miaka imepita, naye tumemzika, baada ya mama. Yeye alihangaika ili bibi aisikie sauti yangu. Ya bibi mimi nimeipoteza. Maneno yake ninayo, na mabega yake yalivyotikisika akicheka. Sauti yenyewe imenitoka, na hajabaki mtu wa kumuuliza ilikuwaje.