Aliyenikata Mkono Alirudi Sokoni

Kabla ya kunikata aliniamkia. Nikisimulia sehemu hiyo watu wananitazama kama natia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka mjini Tukuyu, kwenye kibanda changu cha ushonaji, nimeshuka kwenye bajaji pale njia ya kwetu Lufingo inapoachana na lami. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka. Ilikuwa mchana kweupe. Kijana wa kama miaka thelathini alitokea kwenye mikaratusi, amevaa koti la mvua lenye kofia, akasimama pembeni kunipisha kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilipompita nikasikia mkoba unavutwa begani. Nikageuka, na kwa ujinga wa mtu ambaye hajawahi kuibiwa nikauvuta kuja kwangu. Hapo ndipo nilipoliona panga. Nilinyanyua mkono wa kulia kukinga uso, mkono ukapokea. Sikusikia maumivu, nilisikia baridi tu, kama nimetumbukiza mkono kwenye maji ya kisima. Alinyanyua panga tena. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe bondeni akapiga yowe, kijana akakimbia na mkoba wangu, kofia ikamdondoka, na yule mama akamwona sura yote.

Huyo mama ndiye aliyenifunga kitenge chake na kunipandisha pikipiki hadi hospitali ya Igogwe, nikashonwa. Walinishona vizuri, sina neno nao. Lakini mshipa ulikuwa umekatika, na tangu siku hiyo kidole cha shahada na cha kati havikunjiki. Kwa mtu mwingine vidole viwili ni vidole viwili. Mimi nilikuwa fundi wa nguo za harusi.

Nikiwa bado kitandani, yule mama wa majani aliniinamia akaniambia polepole, "Ni yule yule wa mzee wa maziwa."

Nikamuuliza mzee gani wa maziwa. Akashangaa kwamba sijui. Kumbe kila mtu pande zile alijua. Huyo kijana aliwahi kumpiga mzee mmoja muuza maziwa kwa kisogo cha shoka hadi jicho likaharibika, na jambo likamalizwa nyumbani: mjomba wake alipeleka ng'ombe, watu wakakaa, wakasali, mzee akasema amesamehe, na kituoni wakaambiwa wasihangaike. Kabla ya hapo alishafungwa huko Mbeya kwa kumchoma mtu kisu, akatoka. Alirudi kijijini, akapewa shamba la mjomba alime, na wote wakawa wanamwangalia kwa pembeni, wanasubiri. Mimi nilikuwa nashinda mjini. Hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwamba njia ninayopita kila siku ina mtu wa namna hiyo.

Walimkamata kwa mjomba wake, anakula. Nilipopata nguvu nilikwenda kituoni, mkono umefungwa shingoni. Mpelelezi alikuwa kijana mpole, alinipa kiti. Akaniambia watamshtaki kwa kujeruhi.

"Kwa nini isiwe unyang'anyi?" nikamuuliza. "Amenikata akachukua mkoba wangu."

"Mkoba haujapatikana, mama."

"Haujapatikana kwa sababu anao yeye."

"Ndiyo, lakini kisheria inakuwa ngumu. Tuanze na hili la kujeruhi, tusije tukamkosa."

Nilimshukuru. Nilitoka pale nikiona nimepata mtu anayejua kazi yake. Sikujua kwamba unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana na kujeruhi kuna dhamana. Nilikuja kulijua siku nilipomwona kijana yule anashuka ngazi za mahakama na mjomba wake, anacheka na mtu kwenye simu.

Basi ikaanza safari ya kwenda mahakamani. Ninayoyasema hapa yanajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye yale mabenchi. Leo hakimu anaumwa. Leo hakimu yupo, jalada liko kwa mwanasheria. Leo vyote vipo, mpelelezi yuko kwenye mafunzo. Karani anaita, "Mlalamikaji yupo?" Nasimama. "Kesi imeahirishwa." Nakaa. Mshtakiwa naye anasimama na kukaa kama mimi, tena benchi lile lile, maana mabenchi yalikuwa machache. Siku moja alinisogelea kidogo ili mzee mmoja apate nafasi, na mzee akamshukuru.

Shahidi wangu mkubwa alikuwa yule mama wa majani. Mwanzoni alikuja kila tulipoitwa. Kisha akaacha. Nikamfuata nyumbani kwake, akanikaribisha jikoni, akawa anachochea moto hataki kunitazama.

"Alipita hapa," akasema.

"Alikutishia?"

"Hapana. Aliomba maji ya kunywa. Nikampa. Akanywa, akarudisha kikombe, akasema ndaga fijo, mama." Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. "Mume wangu amesema nisiende tena. Unisamehe, dada. Nina mabinti wanaochota maji njia ile."

Nilimwambia sina kinyongo, na kweli kwake sikuwa nacho. Nilikwenda kumweleza yule mpelelezi mpole kuhusu kikombe cha maji. Akaniuliza kama kuna neno lolote la kutisha lililotamkwa. Nikasema hakuna. Akafungua mikono, kwamba sasa yeye afanye nini.

Nilirudi kibandani. Sikuweza tena kushona matundu ya vifungo wala kutia shanga, nikawa napunguza suruali na kubadilisha zipu. Jirani yangu sokoni ni fundi wa kanzu, baba mtu mzima, wazee wake walikuja huku kutoka pwani zamani. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa, yeye anapiga pasi, mimi nafumua pindo, akapita kijana na kimfuko cha parachichi mkononi. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema.

Akaenda zake. Mdomo ulikuwa umeitika wenyewe kabla sijajua namwitikia nani. Kitambaa kikaniponyoka. Jirani yangu akaweka pasi chini.

"Nani yule?"

"Ndiye aliyenikata."

Alichukua mkasi, akasimama, akatazama kule kijana alikoelekea. Halafu akakaa. "Mbona umemwitikia, dada yangu?" akaniuliza, wala hakuuliza kwa kulaumu, aliuliza kama mtu asiyeelewa. Nami sikuelewa. Siku nzima nilijisikia nimefanyiwa kitu kibaya kuliko kile cha barabarani. Pale alitumia panga. Hapa alitumia malezi yangu mwenyewe, yale niliyofundishwa na mama yangu, kwamba mtoto akikuamkia huwezi kumnyima jibu.

Kesi iliondolewa mahakamani siku ya soko kubwa. Mpelelezi alikuwa amehamishwa, kwa cheo, nilisikia. Daktari hakuwahi kuitwa. Mwendesha mashtaka alisimama akasema upande wa Jamhuri hauna shahidi, hakimu akaandika, mshtakiwa akaachiwa. Nilikuwepo. Nilinyoosha mkono, huu huu, nikataka kusema shahidi ni mimi, nipo. Askari akanionyesha kwa kidole nikae.

Nilimfuata mwendesha mashtaka nje.

"Baba, yule mtu atamkata mwingine."

"Mama, kesi ikiondolewa siyo kwamba imekufa. Inaweza kurudishwa."

"Itarudishwa lini?"

"Ushahidi ukipatikana."

"Nani anautafuta?"

Akaniambia niupe pole mkono, neno ambalo mpaka leo sijalielewa, akapanda pikipiki.

Nilimweleza mwenyekiti wa kijiji, akasema mahakama imeshaamua, yeye ni nani. Nilimweleza mchungaji, akasema tumwombee kijana, kwani ubatizo wake ni wa pale pale kanisani. Namheshimu mchungaji. Lakini tangu hapo, anapoomba kwa ajili ya waliopotea, mimi huwa nafungua macho. Sikuwa na wa kumweleza tena. Nikabadilisha njia, nikawa nazunguka na lami hadi mwisho, ni mbali, lakini kuna maduka na watu.

Kijana yule alimuua mwanamke wa kijiji cha Masukulu. Mwanamke huyo alikuwa anabeba parachichi kichwani kuzipeleka barabarani kwa wanunuzi, asubuhi, ukungu haujaondoka. Inasemekana alichotaka ni simu yake. Mimi nilisikia habari hizo nikiwa nimeshika zipu ya sketi ya shule. Jirani yangu wa kanzu alizima redio yake, akanitazama. Sikulia. Niliona hasira inapanda mpaka nikahisi ladha yake mdomoni, kama nimeuma sarafu.

Alikamatwa, na safari hii polisi walinijia na gari. Kwa muda wote wa kesi yangu nilikuwa najipeleka, napiga simu isiyopokelewa, nasubiri koridoni. Sasa gari la polisi lilisimama mbele ya kibanda changu, maofisa wawili wakashuka, wananiita mama kila baada ya neno.

"Mama, tunakuhitaji sana. Kesi yako tunairudisha. Na safari hii ni unyang'anyi wa kutumia silaha."

"Mkoba umepatikana?"

"Hapana, mama."

"Niliambiwa bila mkoba haiwezekani."

Wakatazamana. "Hilo lisikusumbue, mama," mkubwa wao akasema.

Nilikwenda. Wapo walioniambia nisiende, niwaache wahangaike. Nilikwenda kwa sababu sikutaka aniamkie tena. Na mambo yaliyokuwa hayawezekani yakawezekana yote: daktari alikuja, jalada lilikuwepo, hakimu hakuumwa. Yule mama wa majani alitoa ushahidi, na mume wake alimsindikiza. Nilionyesha mkono wangu. Mshtakiwa alitazama dirishani. Alifungwa miaka thelathini kwa ajili ya mkono wangu.

Nje watu walinipongeza. Ofisa mmoja alinishika bega akasema, "Haki imetendeka, mama, sasa utalala." Nikamuuliza, aliyeamua mwanzoni kwamba ni kujeruhi, naye ataulizwa? Aliyemwachia, ataulizwa? Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto. "Hayo mambo ya kiofisi, mama."

Wakati huo mwanamke mzee alikuwa amesimama karibu na ukuta, amejifunga kitenge cheusi. Alikuwa mama wa yule marehemu. Kesi ya mwanawe ilikuwa inangoja Mahakama Kuu, akaja kusikiliza yangu. Alinijia, Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa, tukasalimiana. Kisha akaniuliza, "Walipomwachia, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilikuwepo."

"Uliwaambia watu?"

Nikamtajia wote niliowaambia.

"Na wewe mwenyewe ulifanyaje?"

"Nilibadilisha njia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu hakujua abadilishe."

Hakusema kwa ukali. Lakini katika mambo haya yote, tangu mzee wa maziwa hadi kaburi la Masukulu, mtu pekee aliyeulizwa alifanya nini ni mimi, na aliyeniuliza ni mtu pekee mwenye haki ya kuuliza. Wengine wako ofisini.

Baadaye nilikwenda kwake. Sikuitwa. Nilimkuta uani anamenya maharage mabichi na wajukuu wawili, watoto wa marehemu. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kigoda, nikakaa, nikachukua maharage. Vidole vyangu havikuweza kupasua maganda. Akaona. Akawa anayapasua yeye, ananiachia mimi kutoa punje tu, na tukaendelea hivyo mpaka ungo ukajaa, hatumtaji mtu. Nilipoaga alinifungia ndizi.

"Siku nyingine uje," akasema. "Ila siku ya kesi usije. Siku hiyo nitakuwa sipendi mtu yeyote."

Nimekuwa nikienda. Kesi ya mwanawe bado haijaanza kusikilizwa.