Sala Yetu Mbele ya Wachimba Dhahabu

Ilikuwa saa nane na dakika tano mchana nilipobonyeza kitufe cha simu, na aibu iliyofuata afadhali niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Runyenjes, maana huko imeshatiwa chumvi.

Chama chetu cha wafugaji kilitaka kununua hisa za kampuni fulani ya dhahabu kwa akiba ya mtambo wa kupoza maziwa, na mimi mweka hazina (shule niliiacha darasa la nane, lakini ripoti za kampuni hiyo nilizisoma zote, kamusi mkononi) nikaomba tusikilize kwanza mkutano wa simu ambapo wakubwa wake huwaeleza wawekezaji gharama ya kutoa kila wakia ya dhahabu na makadirio ya mwaka ujao. Nikaiunganisha simu na spika za kanisa tunamokutania mapema, tusikose neno. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kwetu hakuna kikao bila maombi, na Mama Wawira, anayetuombea kila kikao, hajui maombi mafupi.

"Baba, hawa watu wa dhahabu walisema gharama itashuka, ikapanda. Wakasema tena itashuka, Baba, ikapanda tena! Wafungue midomo waseme ukweli, maana hizi pesa ni za ng'ombe wetu."

(Hayo yote nilikuwa nimemweleza mimi, kwa fahari kubwa.)

Nikafungua jicho moja, nikaona kipaza sauti cha simu kiko wazi. Mzee wa kanisa kama mimi hainuki watu wakiomba, kwa hiyo nikanyoosha mkono polepole, nikagusa pasipofaa, kamera ikawaka, na wawekezaji wote wakaniona nimefumba jicho moja.

"Amina," spika zikasema kwa sauti ya mwanamume.

"Nani huyo?" Mama Wawira akauliza.

"Ni mkurugenzi wa fedha wa kampuni, mama. Swali lako nimelisikia."

"Sikukuuliza wewe, nilikuwa naongea na Mungu. Lakini sasa jibu."

Kanisa zima likacheka. Yule bwana akakiri kwamba gharama waliyotangaza haikuhesabu kuchimba mashimo mapya, na kwamba makadirio yangepanda. Ndivyo nilivyokuwa nikishuku, ila sikuwa na wa kumuuliza.

"Baba Ireri," mwenyekiti akaniambia, "hilo jicho moja limeona mbali!"

Tukapiga kura papo hapo kukataa hisa. Siku hizi siunganishi simu kabla ya amina ya mwisho, ingawa, niseme kweli, sijawahi kujivunia aibu kama ile. Wiki hiyo hiyo bei ya hisa ilianguka vibaya, na akiba yetu ikabaki benki bila kuguswa: shilingi laki sita na arobaini elfu.